Maswali ya Mnara Mwekundu

Kengele ilipolia, watu wote waliokuwa maktabani waliinua nyuso wakatabasamu, isipokuwa mwanamume mmoja aliyekuwa akipita kando ya kiti cha Solvej na kikombe cha kahawa mkononi.

Kengele ile hailii ovyo. Ni bomba la shaba refu kupita twiga, linaning'inia katikati ya maktaba ya Dokk1, ukingoni mwa bandari ya Aarhus, na kazi yake ni kungoja watoto. Mtoto akizaliwa hospitalini, upande wa pili wa mji, wazazi hubonyeza kitufe kilichoko wodini, na huku maktabani shaba inanguruma mpaka meza zinasikia. Wanafunzi huacha kuchapa. Wazee hushusha magazeti. Hakosi mtu wa kusema, "Karibu, mdogo," kisha kila mmoja anarudi kwenye shughuli zake moyo wake ukiwa laini kidogo.

Solvej alikuwa mkunga, kwa hiyo tabasamu lake lilichelewa kuondoka kuliko la wengine. Lilikuwa bado lipo usoni kahawa ilipomwagika mezani kwake.

"Lo! Samahani! Samahani sana, dada." Mwanamume alikuwa ameshavua skafu yake ya njano na kuanza kufutia. "Nimekuharibia hii... kofia."

"Si kofia."

"Soksi?"

"Ni mfuko wa uzazi," alisema Solvej.

Mwanamke wa meza ya pili aligeuka. Mwanamume aliutazama ule mfuko wa sufu ya waridi uliokuwa ukidondosha kahawa mkononi mwake, akautazama mdoli wa kitambaa na nyonga ya plastiki vilivyokuwa kando, kisha akamtazama Solvej.

"Basi nimeumwagia kahawa mfuko wa uzazi."

"Ndiyo mara yako ya kwanza?"

"Kwa ninavyokumbuka."

Solvej alicheka, na mtu akimchekesha mtu mwenye haya huwa keshavuka nusu ya njia. Alimweleza kwamba ana ukurasa Instagramu, unaitwa Mkunga Mfukoni, na kila wiki hutengeneza video fupi ya kuwaeleza wajawazito yale wanayofanyiwa leba: kupasuliwa chupa, kuanzishiwa uchungu, sindano ya mgongo, kuongezewa njia. Siku ile ilikuwa zamu ya chombo cha kumvutia mtoto kichwani.

"Na watu wanayatazama hayo kwa hiari yao?"

"Zaidi ya elfu ishirini."

"Timu yetu ya mpira haipati watu hao hata ikishinda."

"Inashindaga?"

"Haishindi, ndiyo maana haipati." Alinyoosha mkono. Pindo za koti lake la kazi, la buluu, zilikuwa na grisi. "Asger. Natengeneza baiskeli za sanduku kule Trøjborg, zile za kubebea watoto. Nipe huo mfuko nikuoshee. Tafadhali. Nisipofanya hivyo sitalala."

Alimpa, na namba ya simu akampa. Lakini alipokuwa akimwangalia anashuka ngazi, mrefu, mabega mbele, skafu yenye madoa ya kahawa ikiburuta nyuma yake, jambo moja lilimkaa rohoni. Mtu anayeshtushwa na kengele hutazama juu. Yule alikuwa ametazama chini, na kikombe kilimtoka kabla ya ngurumo kwisha.

*

"Haloo, fundi. Mgonjwa wangu anaendeleaje?"

"Nina habari mbaya," alisema Asger simuni. "Nimeuosha kwa maji ya moto."

"Sufu? Kwa maji ya moto?"

"Sasa unamtosha sungura."

"Asger!"

"Sungura mdogo. Njoo uitambue maiti, nitakupikia chakula cha msiba."

Alikwenda. Alivaa koti la mvua la kijani na viatu vya ngozi vilivyokuwa vimekaa kabatini vikisubiri sababu, akala mkate mweusi wenye ini la kusaga na matango ya siki kwenye meza ya karakana, katikati ya magurudumu yaliyoning'inia. Mfuko wa uzazi ulikuwa umewekwa kwenye kisahani, mshumaa pembeni. Alicheka hadi akashika ubavu. Jioni hiyo hiyo, aliporudi kwake, mfuasi mpya asiye na jina aliandika kwenye ukurasa wake kwa mara ya kwanza. Picha yake ilikuwa mnara wa taa, mwekundu. *Mama akilazwa kwa nusu kaputi kwenye upasuaji wa dharura, kwa nini baba hutolewa nje?*

Solvej alimjibu kwa upole, kama alivyowajibu wote wenye hofu: "Swali zuri, mama. Uzi wa mapenzi hauruhusiwi kumnasa daktari miguuni." Kisha akafuta hiyo sentensi ya pili, akaandika ya kitaalamu.

Vuli ilipita ikiwa na mvua na mishumaa. Asger alikuja na maandazi ya iliki yaliyobonyea mfukoni. Alimtengenezea breki. Alimwita "mkunga wangu" mbele ya wateja, naye akamwita "fundi" mpaka neno likageuka tamu mdomoni kama jina la kitandani. Alikuwa mtu wa kusikiliza. Ukimweleza jambo aliacha spana. Wanaume wa namna hiyo wakipatikana, mwanamke huanza kujiuliza mbona walikuwa bado wapo dukani.

Solvej naye alijiuliza.

Asger hakuwahi kumfuata hospitalini. Angempeleka popote kwenye sanduku la baiskeli, amefunikwa blanketi kama malkia, lakini wakifika kona ya duka la vyakula husimama. "Hapa panatosha, mpenzi, kilima hicho kinaniua." Kilima chenyewe hata kikongwe angekipanda. Simu yake ililala kifudifudi sikuzote. Na kuna ile siku ya viazi.

Solvej alikuwa jikoni kwake akijifunza maneno ya video ya kutokwa damu miezi ya mwisho. "Na kama tumbo limekuwa gumu..." alisema, akatafuta mfano.

"Kama ubao," alisema Asger, akimenya viazi, mgongo umemwelekea. "Kondo la nyuma likibanduka kabla ya wakati, tumbo huwa gumu kama ubao."

Kisu kilisimama. Alikuwa amesikia alichokisema mwenyewe.

"Umeyajua wapi hayo?"

"Kwenye video zako."

"Sijawahi kufanya video ya kondo kubanduka. Ndiyo kwanza naiandika."

"Basi nimesoma mahali."

"Mahali gani? Gazeti la baiskeli?"

"Solvej." Aligeuka akitabasamu, lakini tabasamu lilikuwa la kuazima. "Chumvi iko wapi?"

*

"Ana mke," alisema Bodil.

Bodil alikuwa mkunga tangu Solvej hajazaliwa. Alivaa miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani, na hakuna mtu aliyewahi kumkumbusha.

"Hana mke, Bodil. Nimeshalala kwake. Mswaki ni mmoja."

"Mwanangu, mtu wa minyororo na matairi akikujulia tumbo la kondo lililobanduka, jua kuna tumbo alilolishika. Dalili ya mvua ni mawingu."

"Au anapenda kusoma."

"Mume wangu anapenda kusoma. Nimezaa naye watatu, mpaka leo anadhani kondo ni kiungo cha kondoo."

Solvej alicheka kwa sababu ilibidi. Wiki ile alikuwa ameona jambo ambalo hakumwambia hata Bodil. Akiwa ndani ya tramu, dirisha likiwa na ukungu, alimwona mwanamke akitoka karakanani kwa Asger. Koti jekundu refu, nywele nyeupe kama kitani, tumbo la miezi saba au nane. Jicho la mkunga halikosei. Asger alitoka nyuma yake. Hawakubusiana. Afadhali wangebusiana. Asger aliinama akaweka paji la uso wake begani kwa yule mwanamke, wakasimama hivyo, na tramu ikaondoka.

Ni mteja, alijiambia. Wajawazito ndio wanunuzi wa baiskeli za sanduku.

Na Mnara Mwekundu hakuacha kuuliza. *Mtoto akitoka kwa upasuaji wa namna hiyo, nani humshika wa kwanza?* Solvej alijibu. *Mama akiwa amelala, anasikia chochote?* Alijibu. Kisha likaja lile ambalo hakulijibu mara moja, kwa sababu halikufanana na maswali ya wajawazito: *Baba akiondoka mlangoni kidogo tu, wanaweza kutoka kumwita wakamkosa?*

Wajawazito huuliza habari za miili yao na za watoto wao. Kwa nini huyu anahangaika na miguu ya baba?

*

Jumapili moja mchana alikuwa kwa Asger, ghorofani juu ya karakana. Nyama za kusaga zilikuwa zikikaangika kwa siagi, dirisha limejaa mvuke, na Asger alikuwa ameshuka kuleta kiti cha pili kwa sababu kile cha kwanza kilikuwa na mguu mmoja wa matumaini. Solvej alikuwa kwenye kochi akijibu wafuasi. Akafika kwenye lile swali la mlango. Akaandika: *Uko wiki ya ngapi, mama? Una mtu wa kukusindikiza?* Akatuma.

Simu ya Asger, iliyolala kifudifudi mezani, ikatoa mlio.

Solvej alitazama simu. Alitazama mlango. Moyo wake ulisema, acha, usiwe mtoto. Vidole vikaandika: *Uko salama?*

Simu ikalia.

Akatuma nukta. Nukta moja, tupu.

Simu ikalia.

Asger aliingia na kiti kichwani kama kofia, akiimba. "Nani huyo ananisumbua Jumapili?"

"Mimi," alisema Solvej.

Kiti kilishuka polepole.

"Habari za leo, Mnara Mwekundu. Nimekuita mama miezi yote hii. Ungenisahihisha."

"Solvej, nisikilize..."

"Nani ana mimba?"

Asger alikishika kiti kwa mikono miwili.

"Swali rahisi, mpenzi. Yale uliyoniuliza yalikuwa magumu zaidi na niliyajibu. Ni yule mwenye koti jekundu?"

"Umemwona?" Rangi ilimtoka. Hakuuliza *yupi*. Hakusema *ni mteja*. Kati ya maneno yote duniani alichagua hayo.

"Nimemwona. Ana mwezi wa nane, tumbo limeshuka. Mwambie anywe maji, miguu imemvimba." Alikuwa akivaa koti, na mkono mmoja ulikataa kuingia. "Ulipata bahati kweli siku ile maktabani! Unamwaga kahawa, unaokota mkunga. Wa bure, wa usiku na mchana, na anakufulia soksi."

"Si hivyo. Nakuapia si hivyo."

"Basi ikoje?"

Alisimama pale, mikono imening'inia, nyama zikianza kuungua nyuma yake. "Siwezi kukuambia. Si jambo langu peke yangu."

"Najua," alisema Solvej. "Mimba huwa si ya mtu mmoja."

*

Asger alipiga simu, Solvej hakupokea. Alipiga tena, akaizima. Ujumbe ukaja asubuhi: *Nipe muda kidogo, naomba nizungumze naye kwanza.*

*Naye. Kwanza.* Solvej alimsomea Bodil maneno hayo kwenye chumba cha chai, sauti ikiwa imara hadi neno la mwisho.

"Angalau anapanga foleni," alisema Bodil. Halafu akaona uso wa mwenzake, akavua miwani yote miwili. "Njoo hapa, mwanangu. Lia uende kazini. Chumba cha nne wanakusubiri."

Alilia, akaenda kazini. Mwanamke wa chumba cha nne alikuwa anazaa kwa mara ya kwanza, amekamata reli za kitanda, macho yamemtoka. Kila chombo kilichosogezwa aliuliza, "Hicho cha nini? Hicho cha nini?" Solvej alimweleza kimoja kimoja, na akaona, kama anavyoona kila siku bila kuchoka, jinsi hofu inavyopungua ikipewa jina. Akamkumbuka yule wa koti jekundu. Maswali yale yalikuwa yake, kwa mkono wa nani haikujalisha. Mtu mwenye mwezi wa nane anayeuliza habari za nusu kaputi hapati usingizi.

Hasira ilikuwa juu ya Asger. Mwanamke alikuwa na kosa gani?

"Nishikie simu," alimwambia Bodil zamu ilipokwisha.

"Unarekodi nini?"

"Upasuaji wa dharura. Wote, tangu mwanzo, na baba nje ya mlango."

Bodil aliinua simu, akaishusha. "Yaani unamfundisha mke mwenzio kuzaa?"

"Namfundisha mtu anayeogopa. Bonyeza."

Alisahau kuwa na haya. Alieleza kwa mdoli wake wa kitambaa na mfuko mpya wa uzazi, aliofuma kwa sufu ya kijivu. Alieleza kwamba mambo yakienda mbio hakuna nafasi ya sindano ya mgongo, mama hulazwa kabisa, na atakapoamka hatakumbuka chochote, na kutokumbuka si udhaifu. Alieleza kwamba kwenye chumba kile, watu wote wakiwa juu ya mama, yuko mmoja ambaye kazi yake ni mtoto tu na hamwachi. "Na kama jambo hili limeshakupata," alisema, akitazama kijicho cha simu, "na hukuelewa kilichotokea, rudi uulize. Omba mkunga akae na wewe akusimulie kuzaa kwako, mwanzo mpaka mwisho. Hata miaka ikiwa imepita. Na wewe uliyekuwa nje ya mlango, nawe rudi uulize. Ulikuwemo."

Alikuwa hajafika nyumbani video ilipoanza kusambaa. Maelfu walitazama. Akina baba waliandika. Walikuwa hawajawahi kuandika kabla. Mnara Mwekundu alikaa kimya.

Siku ya tatu ukaja ujumbe, wenye jina kamili na sura kamili, nywele nyeupe kama kitani. *Naitwa Marit. Nadhani uliniona. Naomba tuonane, tafadhali, kabla mtoto huyu hajaamua mwenyewe.*

*

Walikutana kwenye duka la mikate karibu na mto. Marit alikuja na koti lake jekundu ambalo sasa halikufunga, na mwanamume mnene mwenye ndevu, aliyempa Solvej mkono kwa nguvu kisha akaenda kukaa meza ya pili na keki tatu.

"Huyo ni Jeppe, mume wangu. Tumekubaliana kwamba hasikii."

"Sisikii kabisa," alisema Jeppe.

Solvej aliwatazama wote wawili. Kitu kilianza kulegea kifuani mwake, akakikataza. Alikuwa ameshadanganyika vya kutosha. "Mtoto ni wa...?"

"Wa Jeppe!" Marit alishangaa, kisha akacheka. "Ulidhani... Oh, masikini Asger. Kumbe ndiyo maana ananipigia simu kama kuku aliyekatwa kichwa." Kicheko kilikwisha. Alizungusha kikombe. "Miaka minne iliyopita nilikuwa wa Asger. Kondo likabanduka. Nililala nina mtoto tumboni, nikaamka sina. Alikuwa wa kiume. Mimi nilikuwa usingizini, Asger alikuwa nje ya mlango. Tukabaki watu wawili wenye mtoto mmoja ambaye hakuna aliyemwona akiwa hai. Huwezi kulala kitanda kimoja na pengo kama hilo. Tuliachana bila hata kugombana."

Solvej alisukuma kisahani chake kando.

"Sasa nina huyu, na naogopa mpaka natapika. Nilimwendea Asger nikamwambia, niambie kilichotokea siku ile, naye hakuwa na cha kuniambia. Akasema anamjua mtu anayeeleza vizuri. Mimi ndiye niliyemkataza kukutajia jina langu. Sikutaka mkunga mwingine wa kuniinamishia kichwa." Aliinamisha kichwa chake upande, akalegeza macho, akafanya sauti ya asali. "*Oooh, Marit.* Unaijua hiyo."

"Naijua," alisema Solvej, akanyoosha shingo yake iliyokuwa imeshaanza kuinama.

"Baada ya video yako nimeomba mazungumzo. Walinikubalia. Jana mkunga alikaa na mimi akanisimulia kila kitu. Usiku nimelala kama gogo." Marit alimshika mkono. "Lakini kuna jambo. Nimesoma maswali yote aliyokuuliza. La nusu kaputi ni langu. La kusikia ni langu. Lile la baba kuondoka mlangoni, hilo sikumtuma. Nilimuuliza ni la nani, akaanza kufagia karakana."

Meza ya pili, Jeppe alijipangusa jicho kwa karatasi ya keki.

"Vumbi," alisema.

*

Asger alikuwa amepiga magoti akinyoosha gurudumu lililopinda. Alimwona Solvej, akasimama, spana ikabaki mkononi.

"Nimekuja kujibu swali," alisema Solvej. "La mlango."

"Marit amekueleza."

"Amenieleza yake. Sasa nataka yako. Na usinifanyie ujanja wa chumvi iko wapi."

Alikaa juu ya sanduku la baiskeli ambayo haijakamilika. Alianza mara mbili. "Walinitoa nje," alisema mwishowe. "Mimi, peke yangu, kwenye korido. Halafu muuguzi akatoa kichwa akasema, amezaliwa, yuko hai, subiri hapa. Hayo tu, mlango ukafungwa. Yuko hai. Mama yangu na kaka yangu walikuwa maktabani, chini ya kengele, na bendera zao ndogo, walikuwa wamekaa tangu asubuhi. Na kile kitufe kilikuwa pale tu, mwisho wa korido." Alijisugua viganja kwenye koti. "Nikakimbia nikakibonyeza. Nikampigia mama, nikasikia simuni wanavyoshangilia. Mama anapiga kelele, watu wasiomjua wanampongeza. Niliporudi, mlango ulikuwa wazi na walikuwa wananitafuta. Alikuwa ameshakwenda."

Mvua iligonga vioo vya dirisha.

"Sijamwambia mtu. Marit nitamwambiaje? Kwamba mtoto wetu alikuwa anakufa, nami nampigia kengele? Siku ile ulipokuwa na mfuko wako, ndiyo kwanza nilikuwa nimepata ujasiri wa kuingia tena maktaba. Ulinichekesha. Nikataka pawe na mahali pamoja duniani ambapo mimi ni mtu aliyemwaga kahawa, basi."

"Ungeniambia, Asger."

"Ungeinamisha kichwa." Akamtazama kwa mara ya kwanza. "Nijibu sasa. Ningekuwa mlangoni, wangeniita? Ningemwona?"

Solvej alikuwa na jibu la kazini. Lilikuwa tayari ulimini, laini, lenye kutibu: hapana, usijilaumu, hakuna ambalo ungeweza kufanya. Ameshawapa wengi. Aliliacha lipite.

"Labda," alisema.

Asger hakutikisika.

"Wengine humwita baba ndani, ikiwa wanaona mtoto haendelei. Wengine hawapati nafasi. Labda wangekuita, labda ungemgusa bado ana joto la uhai. Sijui, na sitakudanganya kwamba najua. Lakini hakufa kwa sababu wewe uliondoka. Kondo halimngoji baba. Na yule mtu wa mtoto alikuwepo, mikono yake ilikuwa juu yake muda wote. Hakuwa peke yake hata kidogo. Hilo najua, kwa sababu mimi mwenyewe nimeshakuwa mtu huyo."

Spana ilianguka. Asger aliuweka uso ndani ya viganja vyake vya grisi, na mabega yakaanza kutikisika, na Solvej hakuenda kumfuta machozi. Alisubiri, kama anavyosubiri leba, bila haraka.

"Miaka minne," alisema alipoweza. "Kila mtu, hata mwanasaikolojia, ananipa *hapana*. Hapana, hapana, hapana. Sikuwahi kuiamini hata siku moja." Akavuta pumzi ndefu iliyokatikakatika. "Labda. Labda naweza kuishi nayo."

Uso wake ulikuwa na michirizi myeusi kama wa mfagia dohani. Alijua, akajaribu kujifuta kwa mkono wa koti, akazidisha.

"Na sisi?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Mimi na wewe. Ni hapana, au?"

"Nilikushuku vibaya sana," alisema Solvej. "Na bado nakukasirikia, usidhani yamekwisha. Nina maswali mengi, na nitayauliza kwa jina langu na sura yangu, wewe ukinijibu hivyo hivyo. Bila minara."

"Uliza."

Solvej alivua koti la mvua, akalitundika kwenye mpini wa baiskeli, akasogeza kigoda mpaka magoti yao yakagusana. Lilikuwa swali ambalo kila mgeni wa uzazi huuliza kabla hata hajakaa, la kawaida kabisa, na kwa mtoto huyu hakuna aliyekuwa ameliuliza.

"Alifanana na nani?"

Asger alimtazama kana kwamba hakusikia. Halafu mdomo wake ukaanza kucheza, kicheko na kilio vikigombea nafasi moja.

"Mama yangu," alisema, akijigusa pua. "Alikuwa na hii hii pua, Solvej. Maskini ya Mungu. Pua yote hii."